Mshale unayumba: kutafuta kosa la ugumu kwenye upinde wa kampaundi

Mtu akiona mishale yake inatawanyika kwenye shabaha, cha kwanza kulaumu ni ugumu wa mshale, na cha pili kufanya ni kuagiza dazeni nyingine. Mara nyingi mishale haina hatia. Kwenye upinde wa kampaundi, ule wenye kamu (magurudumu yanayozungusha uzi) juu na chini, malalamiko mengi yanayopewa jina la "spaini mbaya", yaani ugumu usiofaa, huishia kwenye resti (kifaa kinachobeba mshale) iliyokaa upande, mkono unaosokota mshikio au manyoya yanayogusa kebo, zile kamba zinazounganisha kamu. Ugumu usiofaa upo, na ukiwa upande wa ulaini unaweza kuumiza mtu, lakini una alama zake. Hapa tunakwenda dalili kwa dalili, sababu iliyozoeleka ikitangulia.

Kushoto na kulia kote humu ni kwa anayevuta upote (uzi wa upinde) kwa mkono wa kulia, akiuachia kwa kifyatulio na si kwa vidole. Mashoto ageuze.

Kwanza kabisa: mshale ni mzima?

Hatua hii hairukwi. Shika mshale wa kaboni karibu na ncha kwa mkono mmoja na karibu na noki (kipande cha nyuma kinachoingia kwenye upote) kwa mwingine, uelekeze mbali na uso, kisha uupinde taratibu mpaka katikati pabonyee kama sentimita 4 au 5. Sikiliza. Uzungushe robo, upinde tena, mpaka umalize mzunguko. Ukisikia kukwaruza au mlio kama wa njiti inayovunjika, au ukiona ufa, nyuzi zilizochomoza au sehemu inayolegea kuliko nyingine, uvunje vipande viwili na uutupe. Usiuweke podoni "wa mazoezi tu". Mshale wenye ufa ukipasuka wakati wa kuachia, vipande vyake hupita kwenye mkono unaoshika upinde, na nyuzi za kaboni zilizoingia nyamani hutolewa hospitali.

Pitisha pia pamba juu ya wano lote, yaani mti wa mshale, toka mbele hadi nyuma. Inapokwama, pachunguze.

Namba maana yake nini, na vipimo vinavyohitajika

Ugumu unaoandikwa kwenye mishale ya kaboni hupatikana kwa kulaza wano juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28 na kuning'iniza katikati uzito wa pauni 1.94, yaani gramu 880. Likibonyea inchi 0.400, wano hilo huitwa 400. Likibonyea inchi 0.500, ni 500. Namba ndogo ndiyo ngumu. Wengi huteleza hapa: wanatoka 400 kwenda 500 wakidhani wameongeza ugumu, kumbe wamelainisha.

Hicho ni kipimo cha mezani. Upindeni mshale husukumwa kutoka nyuma huku ncha nzito ikichelewa kuondoka, na wano linajikunja katikati yake. Mshale uleule utaonekana laini zaidi ukiongeza pauni za kuvuta, ukiacha wano refu, ukiweka ncha nzito au ukiwa na kamu kali. Ukipunguza hivyo, unaonekana mgumu. Kwa makadirio ya kufanyia kazi, inchi moja ya urefu ni kama pauni 5 za kuvuta, na greni 25 za ncha (greni ni kipimo kidogo cha uzito) ni kama pauni 3 hadi 5.

Kwa kamu za kawaida na ncha ya greni 100, anzia hapa: pauni 40 na wano la inchi 27, namba 500 au 600, pauni 50 na inchi 28, kati ya 400 na 500, pauni 60 na inchi 28, 400, pauni 70 na inchi 29, 340 au 300. Jedwali la mtengenezaji wa mishale yako ndilo lenye neno la mwisho, kwa sababu majedwali hayafanani. Ukiangukia mpakani, chukua iliyo ngumu zaidi. Kampaundi yenye kifyatulio huvumilia mshale mgumu kuliko mlaini.

Jedwali litakudanganya kama umelilisha namba za kubuni. Kwa hiyo pima:

Pauni halisi. Maandishi kwenye upinde hueleza kiwango cha juu au masafa, hayasemi unachovuta leo. Chukua mizani ya ndoano ya kupimia mabegi ya safari, iingize kwenye upote pale noki inapokaa, vuta polepole mpaka upite kilele, kisha rudisha polepole vilevile. Kinachohesabika ni namba kubwa kuliko zote. Kilo 27.2 ni pauni 60. Usiruhusu upote uponyoke. Upinde ukiachiwa bila mshale, nguvu yote hurudi kwenye mikono ya upinde (bapa zake mbili zinazojikunja) na kamu, na unaweza kupasuka papo hapo.

Urefu wa wano. Toka kwenye mfereji wa noki unapokaa upote hadi mwisho wa wano, bila ncha. Huu si urefu wako wa kuvuta. Kuchanganya viwili hivi ni kosa linalojirudia sana kwa wanaoagiza mtandaoni.

Uzito mzima wa mshale. Mizani ndogo ya sonara inatosha, na nyingi zina kitufe cha greni. Isipokuwa nacho, gramu 1 ni greni 15.4.

Jaribio la karatasi

Toboa dirisha kwenye katoni kubwa au tengeneza fremu ya mbao, bana gazeti likazwe, na nyuma yake mita moja na nusu weka shabaha ya kudaka mshale. Simama mita 2 kutoka kwenye karatasi. Mshale upite ukiwa usawa, kwa hiyo dirisha liwe kwenye kimo cha bega. Piga mishale mitatu mahali tofauti pa karatasi.

Sasa soma. Ncha huacha tundu dogo la duara, kingo zake safi. Manyoya huacha mikato mitatu. Mshale uliotoka sawa huweka mikato hiyo kuzunguka duara, kama nyota yenye miale mitatu. Uliotoka upande huacha duara huku na mikato kule, zikiunganishwa na mchaniko. Mchaniko hupewa jina la upande yalipo manyoya: mikato ikiwa kushoto kwa duara, ni mchaniko wa kushoto. Mchaniko usiozidi sentimita 1 unarekebishika kwa resti. Wa sentimita 3 au zaidi una sababu nyingine chini yake.

Usisome pigo moja. Kama matatu hayakubaliani, ruka uende kwenye dalili ya "kila pigo na mchaniko wake" kabla ya kugusa chochote.

Dalili: mchaniko wa kushoto

Huu ndio unaoripotiwa zaidi, na ndio unaohusishwa na mshale mlaini. Hata hivyo, ulaini ni wa nne kwenye foleni.

1. *Mkono unaoshika.* Mshikio ukae kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, upande wa ndani wa ule mstari mkubwa wa kiganja unaozunguka kidole hicho. Vidole vilegee. Piga mara tatu ukiwa umefungua vidole kabisa, ukitumia kamba ya mkononi ya kuzuia upinde usianguke. Mchaniko ukipungua, una tatizo la mkono. Fanya mazoezi, usinunue kitu. Urefu wa kuvuta uliozidi nao huzaa shida hii, maana mwili hujinyoosha na mkono husokota bila mwenyewe kujua.

2. *Kugusa.* Paka manyoya na nyuma ya wano poda ya miguu, au rangi ya mdomo kwenye kingo za manyoya, kisha piga. Kagua resti, kebo na kitelezi chake. Alama ikionekana, zungusha noki hatua ndogo mpaka unyoya upate nafasi ya kupita. Kwa resti inayoanguka, angalia kamba yake haijalegea. Ikichelewa kushuka, manyoya huigonga.

3. *Resti imekaa upande.* Pinde nyingi za kampaundi huanza vizuri mshale ukiwa milimita 19 hadi 21 kutoka ukuta wa kiunzi (sehemu ya katikati ya upinde yenye mshikio), kipimo kikichukuliwa hadi katikati ya wano. Kwa mchaniko wa kushoto, sogeza resti kushoto, nusu milimita kwa mara moja, kisha piga tena mara tatu. Weka alama ya penseli pale ulipoanzia.

4. *Mshale ni mlaini.* Kidokezo: umeshasogeza resti milimita 3 au zaidi, mshale unaonekana umeelekea pembeni ukiutazama kutoka nyuma, na mchaniko haujaisha. Kuna jaribio lisilogharimu senti. Legeza bolti za mikono ya upinde, ya juu na ya chini, mzunguko mmoja kila moja, ukilegeza kwanza skrubu za kufungia kama zipo. Kwa pinde nyingi hiyo ni pauni 2 hadi 4. Usivuke idadi ya mizunguko iliyo kwenye kitabu cha upinde. Bolti ikitoka kupita kiasi, mkono wa upinde huchomoka ukiwa umebeba mzigo wote. Piga tena. Mchaniko ukipungua waziwazi, ugumu ndio kosa. Usipobadilika, rudi namba 1.

5. *Kamu inaegemea.* Ukitazama kutoka nyuma, upote na uso wa kamu ya juu haviko sambamba. Urekebishaji wake unahitaji presi ya upinde, mashine inayobana mikono yake ili upote ulegee. Ni kazi ya fundi.

Ikishathibitika kuwa mshale ni mlaini, fuata mpangilio wa gharama. Punguza pauni kama bado utazifurahia. Badilisha ncha ya greni 125 kwa ya 100. Kata wano nusu inchi. Mwisho kabisa, nunua namba inayofuata kwa ugumu: 500 kwenda 400, au 400 kwenda 340.

Kukata hakurudishwi nyuma. Mshale ukiwa umevutwa kabisa lazima ubaki angalau sentimita 2.5 mbele ya resti. Mfupi zaidi ya hapo unaweza kudondoka nyuma ya resti na kupiga mkono. Wano la kaboni hukatwa kwa jiwe jembamba la mashine linalozunguka kasi, si kwa msumeno wa chuma wala kikata bomba, kwa kuwa hivyo huacha ufa usioonekana. Vaa barakoa na miwani. Vumbi la kaboni halifai mapafuni.

Kama una shaka na jibu la karatasi, ulizia mshale usio na manyoya. Vua manyoya mshale mmoja, zungushia utepe wenye uzito sawa na yale uliyovua, piga kutoka mita 5, kisha 10, na ukiwa na imani, 18. Anza karibu na shabaha kubwa, kwa kuwa mshale huu hauna cha kuunyoosha hewani. Ukitua kulia kwa wenzake wenye manyoya, unasema lilelile: noki ilitoka kushoto, mshale unajionyesha mlaini. Ukitua kushoto, kinyume chake.

Dalili: mchaniko wa kulia

Si wa kawaida kwa anayetumia kifyatulio kwa mkono wa kulia. Sogeza resti kulia kidogo kidogo. Kagua kwa poda kama unyoya unagusa kebo, kisha mkono. Ugumu uliozidi huja mwisho kabisa. Ukiushuku, ongeza ncha kutoka greni 100 hadi 125 kwenye mshale mmoja tu na upige. Ukiona nafuu, umepata jibu kwa bei ya ncha moja. Kuongeza pauni kungesaidia pia, ila usijiumize bega kwa ajili ya kuupendeza mshale.

Dalili: mchaniko wa juu au wa chini

Chini ni rahisi: noki iko chini mno au resti iko juu mno. Shusha resti milimita moja, piga, endelea.

Juu kunahitaji subira. Sababu ya kwanza ni kinyume cha hiyo, kwa hiyo pandisha resti au shusha mahali noki inapokaa. Upimaji wa kuanzia ni mshale kuwa pembe mraba na upote, au noki juu kidogo, isizidi milimita 3. Ya pili ni kugusa, hasa resti yenye springi ngumu mno au inayoanguka kwa kuchelewa. Ya tatu, kamu mbili hazifiki mwisho pamoja. Vuta polepole mtu akikutazama kwa pembeni: vizuizi vya kamu ya juu na ya chini vifike kwa wakati mmoja. Visipofika, ni kazi ya presi.

Ya nne ni ulaini, na wengi hawaitarajii. Kifyatulio hakisukumi upote pembeni kama vidole, kwa hiyo mkunjo mkubwa wa mshale wa kampaundi huwa wa juu na chini. Mchaniko wa juu ambao hauondoki hata umepandisha resti mpaka mshale unaonekana umeinua pua ni wa kushukiwa. Jaribio ni lilelile la bolti.

Dalili: kila pigo na mchaniko wake

Hapa usirekebishe chochote. Chukua mshale mmoja uliokaguliwa, upige mara tano. Michaniko ikifanana, upinde na mpigaji wako sawa, mishale ndiyo inatofautiana; nenda dalili inayofuata. Ikiendelea kutofautiana, ni mpigaji: shavu linalokandamiza upote siku moja na kuuacha siku nyingine, mkono, au kifyatulio kinachovutwa kwa hasira. Upinde mzito kuliko nguvu za mvutaji hutoa picha hii hasa. Kama huwezi kuuvuta ukiwa umekaa kwenye kiti, miguu imeinuliwa, pauni zimezidi.

Dalili: mshale mmoja au miwili ya dazeni inakimbia kundi

Iandike namba kwa kalamu ya kudumu, 1 hadi 12, na uweke kumbukumbu ya kila pigo kwa raundi tatu au nne. Bila namba utakuwa unabahatisha. Ikishajulikana ni nambari 7, tuseme, anza na noki. Ikague kama ina ufa, kisha jaribu inavyoshika: mshale uning'inie kwenye upote bila kuanguka, lakini ukigonga upote kwa kidole udondoke. Noki ya plastiki ni ya bei ndogo kuliko kitu chochote upindeni, na ndiyo inayolaumiwa mwisho. Ukiwa na shaka, badilisha.

Kisha zungusha noki. Wano la kaboni halina ugumu sawa pande zote. Lina upande ulio mgumu kidogo kuliko mwingine. Geuza noki ili unyoya mwingine uwe juu, piga mara tatu, geuza tena. Mara nyingi mshale "mbovu" hurudi kundini hapo.

Haujarudi? Simamisha ncha kwenye kiganja na uuzungushe kwa kasi kama pia. Ukitetema, ncha au kipande kinachoishikilia kimekaa mshazari, au wano limepinda. Upime na uzito. Mishale ya seti moja iwe ndani ya greni 3 hivi; ukizidi, mara nyingi ni gundi iliyomwagika ndani au manyoya ya aina nyingine.

Mwisho, pima ugumu wenyewe. Huhitaji mashine. Viti viwili vya kimo sawa, kingo zake zikiachana sentimita 71.1. Chupa ya plastiki yenye maji, jumla gramu 880 pamoja na kamba yake. Laza wano, simamisha rula nyuma yake, soma urefu, ning'iniza chupa katikati kabisa, soma tena. Wano la 400 hushuka milimita 10.2, la 500 milimita 12.7, la 340 milimita 8.6 na la 300 milimita 7.6. Wano likiwa limekatwa chini ya inchi 29 halitalala vizuri kwenye umbali huo. Sogeza viti vikaribiane na utumie kipimo hicho kulinganisha mishale yenyewe kwa yenyewe, namba ya kitabu uiache. Unachotafuta ni huyo mmoja anayeshuka milimita mbili kuliko wenzake. Mara kadhaa hugundulika ni mshale wa dazeni nyingine uliochanganywa kwa kuwa rangi zinafanana.

Dalili: namba kwenye mshale haipo kwenye jedwali

Kama ni alumini, hukosei kusoma. Ni lugha nyingine. 2117 maana yake kipenyo cha inchi 21/64 na unene wa ukuta inchi 0.017. 2315 ni 23/64 na 0.015. Si namba ya kubonyea, usiitafute kwenye jedwali la kaboni.

Kwa anayeshindana: chini ya kanuni za World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu, upinde wa kampaundi hauruhusiwi kuzidi pauni 60 na wano lisizidi kipenyo cha milimita 9.3. Mawano manene ya ndani ya ukumbi huja na ugumu mwingi. Mtu wa pauni 45 akiyanunua kwa ajili ya kugusa mistari ya shabaha, aanze kwa kuyaacha marefu na kuweka ncha nzito.

Dalili: ncha za mazoezi zinapiga sawa, vyembe vya kuwindia vinakwenda kwingine

Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo sehemu hii inawahusu walio mahali sheria na kibali vinaruhusu. Chembe chenye makali hufanya kazi kama bawa mbele ya mshale. Kosa dogo ambalo manyoya yalikuwa yakilificha hujitokeza. Hakikisha kwanza vyembe na ncha vina uzito mmoja, greni kwa greni, na chembe kikizungushwa hakitetemi. Kisha sogeza resti kuelekea zinakotua ncha za mazoezi, chini ya milimita moja kwa mara: vyembe vikitua kulia, resti iende kushoto; vikitua chini, resti ipande. Ikikataa kabisa kukutana, na vyembe vinatua kulia, rudi kwenye jaribio la bolti.

Kamwe usivute upinde ukiwa na chembe kinachoweza kurudi hadi kwenye kidole.

Dalili: upinde unalia na kutetema mkononi

Mshale mwepesi mno. Kuna wanaotafuta kasi kwa kukata na kupunguza ncha, wakiusifu ugumu waliopata, wanasahau uzito. Kiwango cha chini kinachotumiwa sana ni greni 5 kwa kila pauni ya kuvuta. Baadhi ya watengenezaji hudai zaidi, na kitabu cha upinde wako ndicho kinachoheshimiwa. Mfano wa hesabu: wano la greni 8.9 kwa inchi, inchi 28, ni 249. Kipande cha kushikilia ncha 20, ncha 100, manyoya matatu 21, noki 9. Jumla 399. Kwa pauni 60 hiyo ni greni 6.65 kwa pauni, salama. Chini ya 300 kwa upinde huo unakaribia kupiga bila mshale.

Kama uzito unatosha na kelele ipo, kaza skrubu za vifaa vyote kabla ya kuwaza zaidi.

Dalili: mishale ileile ilikuwa sawa, sasa imeharibika

Mishale haibadiliki ugumu kwa kukaa. Upinde ndio uliobadilika. Upote na kebo hurefuka, hasa vikiwa vipya au vikiachwa kwenye gari lililofungwa vioo juani, na vikirefuka kamu hugeuka na pauni husogea. Pima pauni tena kwa ile mizani. Pima umbali kati ya ekseli (mhimili) ya kamu ya juu na ya kamu ya chini, kisha kutoka mshikio hadi upote, ulinganishe na kitabu. Tofauti ya zaidi ya milimita 5 ni habari ya fundi. Kagua pia kama bolti moja imelegea kuliko nyenzake, kama resti imehama alama ya penseli, na kama uliwahi kupandisha pauni "kidogo tu" ukasahau. Kutoka 55 hadi 62 bila kubadilisha mishale kunatosha kuigeuza ya 500 kuwa milaini.

Acha hapo hapo

Usiendelee kupiga, wala usijaribu kurekebisha mwenyewe, ukiona mojawapo ya haya: ufa au ngozi inayobanduka kwenye mikono ya upinde, upote au kebo yenye uzi uliokatika, upote ulioruka nje ya kamu, kamu iliyopinda, upinde uliopigwa bila mshale hata mara moja, hata kama unaonekana mzima, mshale uliopasuka wakati wa kuachia. Kuvua upote au kebo ya kampaundi bila presi, kwa goti na mtu wa kukusaidia, ni njia ya kupoteza meno. Mkono ukichomwa na kaboni, usichomoe vipande mwenyewe. Funika kwa kitambaa safi na uende hospitali ukieleza kuwa ni kaboni.

Unapokwenda kwa fundi, beba dazeni nzima badala ya mshale mmoja, kifyatulio chako mwenyewe, pauni ulizopima, na zile karatasi zilizochanika, kila moja imeandikwa tarehe, namba ya mshale na ulichokuwa umebadilisha. Bila karatasi hizo ataanza upya kutoka mkononi mwako.